Taulo Tatu kwa Mbwa Mmoja

4 Februari

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto na haya masikio yangu unayoyajua. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kwenda kupiga simu kwa jirani yetu fundi cherehani. Simu kwangu siku hizi ni upepo tu.

Binti yetu ana mimba. Atajifungua mwezi wa tisa. Alitaka baba yake awe wa kwanza kuambiwa, lakini barua yake ilifika siku nne baada ya mazishi. Nimeiweka chini ya mto wa upande wa baba yake. Sijui kwa nini nimeiweka huko.

Usiombe radhi tena kwa kutokuja kumzika kaka yako. Ulisema likizo ilikataliwa, na watu niliwaambia hivyo hivyo.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Wateja hawajaacha kuja. Nilibandika mlangoni karatasi ya kusema tumefiwa. Wanaisoma, wananipa pole, halafu wanabaki wamesimama palepale na mbwa wao. Juzi mwenye duka la vitabu alisimama hivyo mpaka mbwa akalala kwenye kizingiti. Nikamwambia, "Baba, mwenye mikono amekwenda." Akasema, "Najua, mama. Lakini huyu hajui, kila tukipita hapa ananivuta."

Mji umejaa mbwa wa manyoya marefu, na vinyozi wao ni wachache mno. Yule wa ng'ambo ya soko anawafunga midomo kwa kamba, na wanatoka wana michubuko. Nesi, yule mstaafu, aliniambia, "Wa kunyoa wapo. Wa kumshika mbwa ndio hawapo."

Wewe ulifundishwa na kaka yako miaka mitatu. Alikuwa akisema mkono wako ni mwepesi kuliko wake. Njoo, shemeji. Chumba chako kipo, na dirisha lake bado linagoma kufunga.

Ni mimi,
Shemeji yako


26 Februari

Shemeji,

Nimepata barua yako nikiwa salama. Nafurahi kusikia habari za binti. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anakula penseli.

Hapa kazi ni ileile, ghala la barafu. Tunapanga maboksi ya samaki tukiwa tumevaa makoti mazito, na nje watu wanatokwa jasho. Msimamizi wetu ni mtu wa kununa, lakini mimi hanigusi.

Kuja siwezi. Kazi haina mtu wa kunishikia, na mkono wangu umeshasahau. Usinisubiri.

Ila nimefikiria. Wewe una mikono. Nimekuona ukimlaza mtoto mwenye homa. Nitakuandikia kazi kama nilivyofundishwa, nawe uanze na mbwa wadogo.

Kwanza, chana kabla ya maji. Fundo la manyoya likiloa linakaza kama kamba, na kila ukivuta unavuta ngozi. Shika fundo kwenye mzizi kwa vidole viwili ili maumivu yaishie mkononi mwako, halafu chana kuanzia nchani.

Pili, pamba kidogo masikioni. Maji ya uvuguvugu. Anza na miguu, kichwa kiwe cha mwisho, kwa sababu mbwa akishalowa kichwa anaona mambo yamekwisha na anataka kujikung'uta.

Tatu, kucha. Zilizo nyeusi huoni mshipa ndani yake. Kata kidogo, tazama, kata kidogo tena. Ukiona kitone cheusi katikati, acha.

Na uongee naye muda wote. Sema lolote. Kaka alikuwa akiwasomea bei za sabuni.

Povu likiisha na maji yakitoka masafi, umemaliza kuosha.

Nakutakia heri,
Shemeji yako


30 Machi

Shemeji yangu mwalimu,

Salamu. Goti bado. Paa la uani limevuja, nikaweka ndoo mbili, na moja ikanywewa na Sajini, mbwa wa yule askari. Kwa hiyo huyo nimemwosha ndani na nje.

Nimeanza, kama ulivyosema. Wa kwanza alikuwa wa mwenye duka la vitabu. Niliongea naye mpaka koo likakauka, nikamsimulia harusi yetu yote, pamoja na wewe ulivyoangusha keki. Alitulia. Nilipomaliza hakukuwa na tone la damu. Mwenyewe alimwinua akamtazama huku na huku kama anayenunua tikiti maji. Akasema, "Mama, jumamosi ijayo namleta wa shangazi."

Sasa wanakuja watano kwa siku, na wengine nawarudisha. Mama mmoja amemleta mbwa wake kutoka mji wa pili. Kinyozi wa huko alimkata ncha ya sikio akasema alizaliwa hivyo.

Nikipanga kabati la mikasi nimekuta kisanduku cha viatu kimejaa kadi. Kaka yako alikuwa anaandika tabia ya kila mbwa. "Sajini: haogopi mtu, wala hapiti ndoo bila kuinywa." Hiyo ningeisoma mapema. "Ufagio: mwimbie, sauti isiwe nzuri sana." Ufagio ndiye mbwa wa sasa wa Nesi, ana manyoya mpaka machoni. Kila kadi ina mistari mitatu minne, isipokuwa moja yenye jina tu. Pamba. Utakuwa unamkumbuka, yule mweupe wa Nesi, aliyekufa ndani ya kabati la kukaushia, lile la umeme la kupuliza mbwa hewa ya moto, mwaka ule ulipoondoka, kaka yako alipomsahau humo. Hakuandika neno. Sikujua kama aliitunza kadi.

Nina swali. Barua yako inaishia kwenye maji masafi. Baada ya hapo nifanyeje? Kukausha hukunifundisha. Mimi natumia taulo kama alivyokuwa akifanya yeye, taulo tatu kwa mbwa mmoja, na mabega yanawaka.

Shemeji yako


22 Aprili

Shemeji,

Samahani nimechelewa, tulipata meli mbili kwa mpigo. Mimi ni mzima. Pole kwa paa.

Umefanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Sasa nikueleze mashine ya kunyolea. Meno yake yanapata moto upesi na wewe huwezi kujua, kwa sababu kiganja chako kimezoea. Kila dakika tano yaweke upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Yakikuunguza, zima, chukua ya pili. Usinyoe kinyume cha manyoya kwenye tumbo. Kwapani tumia mkasi wenye ncha butu.

Taulo zinatosha. Endelea na taulo.

Nesi anakuja mwenyewe au anamtuma mtu? Anaongea?

Shemeji yako


19 Mei

Shemeji yangu,

Natumaini meli zimepungua. Binti anasema mtoto anapiga teke hata akiwa darasani anafundisha, na wanafunzi wanacheka. Amenitaka niende kwake mwezi wa tisa, nikae mpaka apate nguvu.

Umeniuliza habari za Nesi. Anakuja mwenyewe. Anakaa kwenye kiti karibu na meza, mkoba magotini. Haongei sana. Unajua baada ya Pamba alikaa miaka sita bila mbwa. Alipompata Ufagio alikuja dukani, akamwambia kaka yako, "Nakuletea huyu kwa sharti moja. Taulo." Kaka yako akasema, "Mama, mimi nina taulo tu." Ndipo watu wakaanza kumwita Bwana Taulo. Wewe ulikuwa umeshaondoka, jina hilo hulijui.

Kabati lenyewe hakuligusa tena tangu siku ile. Nami nilidhani ni woga, nikamwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Kuna jambo nilikuwa nikilifanya ambalo sasa linaninyima raha, lakini tuliache.

Mikono yangu imechoka, shemeji. Mbwa saba jana, taulo ishirini na moja, na kuzifua. Usiku vidole havikunji. Sasa nimefungua stoo nikaliona lile kabati la kukaushia limefunikwa shuka. Fundi umeme amelitazama, anasema ni waya tu na swichi ya saa. Anakuja kulitengeneza jumamosi ya tarehe mbili. Siku hiyo Ufagio ana zamu, na Nesi atakuwa kliniki, ataniachia mbwa asubuhi nzima. Ana manyoya ya kutosha kujaza godoro, peke yangu simalizi. Mimi sitasahau kama kaka yako. Nitavuta kiti nikae mbele yake.

Kama kuna namna ya kulitumia unayoijua, niandikie upesi.

Shemeji yako


31 Mei

Shemeji,

Barua yako imefika leo. Hii haitawahi jumamosi, kwa hiyo nimempigia fundi cherehani. Nimemwambia akukimbilie akuambie usiwashe lile kabati. Aliniuliza kwa nini nikakata simu. Nakuambia wewe.

Kaka hakumsahau Pamba. Nilimsahau mimi.

Siku ile kaka alikuwa amekwenda kununua meno mapya ya mashine. Aliniachia duka. Nilimwosha Pamba, nikamweka kabatini, nikazungusha swichi kwenye dakika kumi. Ile swichi ilikuwa na kawaida ya kukwama, kaka alishaniambia, "Usiiamini, kaa naye." Nami nikatoka. Nilikwenda hapo jirani kwa fundi cherehani kupimwa suruali. Suruali tu, shemeji. Nilitaka iwe na marinda mawili na fundi akasema moja linatosha, tukabishana. Niliporudi nikiwa na chaki miguuni, kaka alikuwa amerudi kabla yangu. Kabati lilikuwa wazi na joto limejaa chumba. Alikuwa amekaa sakafuni, Pamba amemweka mapajani, anampepea kwa gazeti.

Hakunipiga. Aliniambia, "Nenda ukanawe uso." Nilipotoka bafuni alikuwa ameshamfunga ndani ya taulo na amekwenda kwa Nesi. Alimwambia amesahau yeye. Na wewe akakuambia hivyohivyo. Mimi nilikuwa jikoni kwenu, nyuma ya pazia. Nilikusikia ukimwambia, "Mikono yako haifai kushika kitu kinachopumua." Nilisubiri aseme. Hakusema. Nilijisubiri mimi mwenyewe niseme. Wiki ya tatu nikapata kazi huku nikaondoka. Kwenye kituo cha basi alinipa chanuo lake la chuma akaniambia, "Mengine niachie mimi." Nikamwachia.

Likizo haikukataliwa. Sikuiomba. Nilishindwa kufikiria kusimama penye kaburi lake huku watu wananipa pole.

Nilikufundisha kila kitu isipokuwa kukausha kwa sababu kila nikifika kwenye neno hilo kalamu ilisimama.

Usinijibu kama huwezi.


10 Agosti

Shemeji,

Salamu. Hapa tu wazima.

Jumamosi ile fundi umeme alikuwa ameshamaliza kazi yake. Ufagio alikuwa mezani amelowa, na mimi kidole changu kiko kwenye swichi, nataka kwanza nisikie kabati likinguruma tupu. Fundi cherehani aliingia mbio, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, akanipigia kelele kwenye sikio lililo afadhali: "Usiwashe! Shemeji yako amesema usiwashe!" Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nitajuaje? Familia yenu mnakata simu." Nikachukua taulo. Nilimaliza saa nane mchana.

Barua yenyewe ilikuja baada ya siku tisa. Niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka ndani ya ndoo tupu nikaigeuza juu yake, kana kwamba ingetoka. Duka nililifunga wiki nzima. Watu wakagonga, nikanyamaza. Kiziwi ana faida yake.

Nikuambie lile jambo nililokataa kukuambia. Baada ya kifo cha Pamba, kila kaka yako akitoka dukani jioni nilimuuliza, "Wote wanapumua?" Mwanzo niliuliza kwa hasira. Halafu ikawa mazoea, kama kumuuliza mtu amefunga mlango. Halafu ikawa mzaha, hata mbele ya wageni. Miaka kumi na moja. Naye alinijibu kila siku, anavua viatu, "Wote wanapumua, mama." Hakuwahi kuchelewa kujibu. Hata wiki ya mwisho, akiwa kitandani, nilimuuliza ili nimchekeshe. Akasema, "Wote. Mimi tu ndiye naanza kuchoka."

Wewe ulimwachia mzigo. Lakini aliyeukandamiza kwa mkono kila jioni ni mimi. Sikumuuliza hata siku moja, "Ilikuwaje?" Mtu aliyekuwa anahisi maji kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mwanawe, mimi nikaamini mara moja kwamba amesahau. Hilo siwezi kukulaumu wewe.

Nimekukasirikia, usidhani sijakukasirikia. Niliandika barua tatu nikazichana. Moja ilikuwa na maneno ambayo sikujua kama nayajua.

Fundi cherehani nimemuuliza kama anakumbuka siku ile. Alifikiri kidogo, akaenda nyuma ya duka, akarudi na suruali ya kijivu ndani ya karatasi. "Ya shemeji yako. Rinda moja. Hakurudi kuichukua." Anaitundika kila mwaka akifagia. Nimeiweka kitandani kwako.

Sasa sikiliza. Wateja wamekuwa wengi kuliko mikono yangu, na mbwa hawana kosa. Mimi naondoka tarehe ishirini na tano kwenda kwa binti, mtoto amekaribia. Ufunguo uko kwa fundi cherehani. Njoo, lakini uje nikiwa nimeondoka. Uso wako bado siuwezi, wala wewe usijaribu wangu.

Na kabla hujamgusa mbwa yeyote, nenda kwa Nesi ukamwambie kwa mdomo wako. Si kwa barua. Mimi na wewe tumejificha vya kutosha kwenye barua. Akikataa usiguse mbwa humu, rudisha ufunguo, na mimi nitafunga duka nikirudi.

Kabati nimelitoa nje. Fundi umeme amelichukua vipande.

Shemeji yako


17 Septemba

Shemeji,

Naandikia kwenye meza ya mikasi, ndiyo maana karatasi ina manyoya.

Fundi cherehani alinisomea kadi ya binti. Hongereni kwa mjukuu. Amesema mmempa jina la babu yake. Nikajifanya natafuta ufunguo.

Nilifika tarehe ishirini na nane, nikachukua ufunguo kwa fundi, nikaenda kwa Nesi moja kwa moja na begi langu. Alinifungulia akanitambua. Sikukaa. Nilimwambia yote, mpaka marinda ya suruali. Alisikiliza akiwa ameshika mlango. Ufagio alikuwa ananinusa viatu.

Nilipomaliza alisema, "Kaka yako alikuja na Pamba kwenye taulo. Taulo lilikuwa limelowa, nikadhani ni maji ya kuoshea. Baadaye nikafikiri kwamba mbwa alikuwa mkavu kabisa, kwa hiyo yale yalikuwa machozi." Nikamwuliza kama nirudishe ufunguo. Akasema, "Sijakusamehe. Usinilazimishe nikusamehe mlangoni." Akafunga.

Nilikaa siku nne dukani bila kugusa kitu. Waliokuja niliwaambia bado. Siku ya tano akaja, Ufagio kwenye mnyororo, mkoba mkononi. Akavuta kile kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. "Haya," akasema, "nikuone."

Nilimchana na kumwosha. Mikono haikuwa imesahau, nilikudanganya. Nilimwimbia, na sauti yangu kama unavyoijua ilitosha kabisa. Kisha nikafika kwenye kukausha, nikasimama. Nesi akaniangalia. Akainuka, akatoa taulo la kwanza rafuni, akanipa. Lilipolowa akanipa la pili. Lilipolowa hilo akanipa la tatu. Ilichukua saa mbili. Alipoondoka aliniuliza, "Jumamosi?" Nikasema, "Jumamosi."

Kadi ya Pamba niliitoa kwenye kisanduku. Nimeandika chini ya jina, "Alikuwa anapenda kukunwa chini ya kidevu. Nilimwacha peke yake. Mimi." Nikairudisha mahali pake.

Suruali hainiingii. Fundi anacheka, anasema angeniwekea marinda mawili ningekuwa naivaa mpaka leo.

Kaa na binti mpaka apate nguvu, usikimbilie kurudi. Ukirudi na hutaki nionekane, niambie, nitapitia mlango wa uani.

Leo wamekuja tisa. Nimesimama mlangoni nikiwahesabu wakitoka, mmoja mmoja, nikiweka mkono ubavuni. Hakuna aliyeniuliza, lakini nakujibu wewe, na kaka.

Wote wanapumua.